Roshani Iliyonyamaza

Historia ya Roshani imeandikwa mara nyingi, na kila aliyeiandika ameanza na siku aliyofika yeye. Ukisoma ile iliyo kwenye tovuti yao utadhani kivinjari kile kilishuka kutoka mbinguni kikamkuta Mwenyekiti ameshakaa kwenye kiti. Mimi nilikuwepo kabla ya kiti. Kiti chenyewe nilikivalisha kitambaa mimi.

Mimi ni fundi wa sofa. Shule niliiacha mapema na sijawahi kuamka asubuhi nikaikumbuka. Kivinjari, kwa wale ambao hawajawahi kuhitaji jina lake, ni ile programu unayoifungua ili uingie mtandaoni: unaandika unachotaka, ukurasa unakuja. Ni hicho tu. Nimewasikia watu wazima wenye ndevu wakikizungumzia kama vile wamegundua moto.

Kilianza kwa sababu ya macho ya dada yangu.

Dada alikuwa muuguzi, na alikuwa mlevi wa magazeti. Sisemi msomaji, nasema mlevi. Alisoma habari, alisoma michezo asiyoipenda, alisoma matangazo ya vifo vya watu asiowajua na zabuni za kusambaza mabomba. Presha ya macho ikamla taratibu, jicho moja kwanza, kisha la pili, mpaka siku moja akatandaza gazeti mezani, akalipapasa kwa viganja kama mtu anayenyoosha shuka, akalikunja, akanipa mimi nisome.

Nikasoma. Mimi husoma kwa kujikwaa, na nikiona habari ndefu naikwepa. Alinikamata kwenye ukurasa wa pili.

"Mtu akikusomea, anakuchagulia," akasema. Hakunilaumu. Alisema kama anayetaja hali ya hewa.

Na magazeti yalikuwa afadhali kuliko ujumbe wake binafsi. Ujumbe wa kliniki uliingia kwenye simu yake, akamwomba jirani amsomee, na kabla jua halijazama mwenye duka alikuwa anampa pole kwa ugonjwa ambao dada mwenyewe alikuwa bado hajaamua kama atauamini. Tangu siku ile akawa anakaa na simu mapajani, imejaa maneno yake mwenyewe, na hana pa kuyafungulia.

Shemeji, mume wake, ni mtu wa kompyuta, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga anakuomba radhi kwa kuuweka mguu wake pale. Alikuja kwenye karakana yangu akaomba chumba cha nyuma nilichokuwa nahifadhi sponji. Nikazitoa sponji. Akaingiza meza na kompyuta, akajifungia humo kila alipotoka kazini, na nilichosikia kwa muda mrefu kilikuwa ni vidole vyake na kikohozi. Alipotoka alikuwa na kitu kinachofungua gazeti la mtandaoni na kulisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kuruka.

Sauti yenyewe ilikuwa mbaya. Ilikuwa kama mtu mwenye mafua anasoma akiwa ndani ya pipa. Dada aliketi kwenye sofa ya mteja iliyokuwa bado haijavalishwa, springi zinamchoma, akasikiliza gazeti zima mpaka kwenye zabuni. Tulisubiri alie au ashukuru. Alisema majina ya marehemu yule mtu anayatafuna, hebu aambiwe atafune kidogo kidogo. Shemeji akarudi chumbani anacheka peke yake. Kile kitu akakiita Roshani, kwa sababu alisema mke wake sasa ana mahali pa kusimama aione dunia.

Hapo ndipo palipaswa kuwa mwisho. Lakini shemeji ni mtu wa programu huria. Maana yake ni kwamba ukishatengeneza kitu unakianika mtandaoni pamoja na maandishi yake yote ya ndani, yale wanayoyaita msimbo, na mtu yeyote, popote alipo, anaruhusiwa kukichukua, kukirekebisha na kukitumia bure. Na ukinuna, unachukua nakala yako unakwenda zako, unaipa jina jingine, na hakuna wa kukushtaki. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Ningefanya hivyo na sofa zangu ningelala njaa.

Watu wakaja, siyo kwa miguu, kwa mtandao. Mmoja alirekebisha sauti, kwa sababu baba yake naye alikuwa haoni. Mwingine akaifanya iwe nyepesi. Wakawa kundi, na kundi likahitaji utaratibu, na shemeji akatunga kanuni moja ambayo ndiyo kitu pekee cha maana nilichowahi kukiona katika mambo yao. Kila sehemu ya Roshani ilikuwa na mlezi wake. Toleo jipya halitoki mpaka kila mlezi aijaribu sehemu yake mwenyewe, kisha aseme ndiyo mbele ya wote. Akisema bado, wote wanarudi kazini.

Mlezi wa sauti, shemeji alimwandika dada. Wapo waliodhani ni mzaha wa mapenzi. Haukuwa mzaha, hakukuwa na mwingine aliyekuwa akiitumia ile sauti tangu anapoamka mpaka anapolala. Kila toleo lilipokaribia, dada alikuja karakana, akavaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza gazeti huku mimi nikigongea misumari kando yake. Mara nyingi alisema ndiyo. Mara nyingine alisema bado, na wanaume wenye shahada zao, kwenye nchi ambazo hatakanyaga, wakarudi kuinamia kazi.

Hiyo ilikuwa miaka mizuri. Sasa nieleze ilivyoharibika.

Iliharibika kwa kupendwa. Roshani ilipoanza kusifiwa, wakaja watu waliopenda kuwa ndani ya kitu kinachosifiwa. Mmoja tulimwita Rangi, maana hoja yake ya kwanza ilikuwa rangi ya kitufe cha kurudi nyuma, na ya mwisho pia. Walibishana juu ya mshale wa kitufe kile, uwe umepinda au umenyooka, mpaka nusu yao wakachukua nakala wakaondoka. Nilimuuliza shemeji wale wamekwenda kufanya nini. Akanijibu kwa uso mkavu kwamba wana maono tofauti kuhusu mshale.

Halafu akaja Mwenyekiti, kijana mwenye viatu bila soksi na maneno bila nauli: yanapanda tu, hayajui yanakoshuka. Alisimama kwenye chumba changu cha sponji akasema hapa pana roho. Baada ya muda mfupi roho ile akaihamishia kwenye jengo la vioo, ikawa taasisi, ikapata wafadhili, na kila aliyekuwa mtu akawa cheo. Shemeji akapewa cheo cha Mwasisi, ambacho kazi yake ni kupigwa picha. Mimi nikapewa kazi ya viti. Mwenyekiti aliniambia anataka viti vinavyozungumza na mgeni. Nikamwambia vyangu havizungumzi, vinakaliwa.

Ndani ya vioo vile ndipo wakaufungua msimbo wa zamani wakashika pua. Wakasema ni mchafu, umeandikwa na watu wengi mno, hauna sura. Wakaamua kuutupa wote na kuandika Roshani upya kutoka mstari wa kwanza. Kitu kilikuwa kinafanya kazi, watu wanakitumia, lakini kiliwaaibisha, basi kikatupwa. Kila kitu kikaandikwa upya isipokuwa kanuni. Hiyo waliinakili kama ilivyo, pamoja na majina ya walezi, kwa sababu hakuna aliyeona raha kuandika kanuni, na kwa sababu Mwenyekiti alitaka ionekane bado ni Roshani ileile yenye historia.

Na sauti? Sauti ilikuwa kazi ngumu isiyoonekana kwenye picha. Wakasema itakuja awamu ya pili. Ni kama ukoo unahama, lori limejaa makabati, wakamwambia bibi abaki kibarazani atafuatwa. Shemeji alisimama kwenye kikao akasema, "Labda tungefikiria..." Wakamshukuru kwa mchango wake wakaendelea.

Huku nyuma Roshani ya zamani ikaanza kufa, maana hakuna aliyekuwa akiihudumia. Tovuti moja baada ya nyingine ikaifungia mlango. Kwanza benki, kisha kliniki, mwisho gazeti lenyewe. Ile sauti ya kwenye pipa ilimsomea dada sentensi moja tu: kivinjari chako kimepitwa na wakati. Aliifungua tena, akasomewa tena. Nilikuwa pale na mkasi mkononi, nikajifanya natafuta uzi. Akavua vipokea sauti, akaniuliza kama nina nafasi ya kumsomea ujumbe wa kliniki, na akaniomba nifunge mlango kwanza.

Nilipomwuliza shemeji kwa nini hafungi midomo ya wale watu, alisema mambo yanakwenda kwa hatua. Nikamwambia hatua anazopiga yeye ni za mtu anayepima chumba. Dada ndiye aliyenijibu, akasema niache kumsema mume wake nikiwa nimeshika mkasi.

Siku chache kabla ya uzinduzi, shemeji alileta salamu kutoka kwa Mwenyekiti. Mama anaombwa aje. Atakaa mbele, walezi wote watasema ndiyo kwenye skrini, yeye awe wa mwisho, wapige makofi, inapendeza. Dada alikuwa anamenya viazi. Akauliza kama sauti imeingia. Shemeji akasema bado, ipo awamu ya pili. Akauliza hiyo awamu ya pili imepangiwa lini. Shemeji akasema haijapangwa. Dada akamaliza kiazi, akachukua kingine.

"Nipigie pasi gauni la bluu, Baba," akamwambia mumewe.

Nilimpeleka mimi. Ukumbi ulikuwa na vioo pande zote, joto la saa nne linaingia kama limealikwa. Kulikuwa na waandishi wa habari, na wafadhili kwenye skrini kubwa ukutani, na viti vyangu mstari wa mbele, vikiwa vimenyamaza kama nilivyoahidi. Mwenyekiti alihutubia. Alisema Roshani mpya si kivinjari, ni safari. Alisema inafungua ukurasa kabla hujamaliza kuutamani. Rangi alionyesha kitufe cha kurudi nyuma, na kwa heshima ya ukweli niseme kilikuwa kitufe.

Kisha walezi wakaanza kuitwa. Kila mmoja alitokea kwenye skrini kutoka alipo, akataja sehemu yake, akasema ndiyo. Ilikuwa kama mahudhurio ya darasani. Yule aliyekuwa na baba asiyeona, ambaye sasa alikuwa mlezi wa mambo ya usalama, alisema ndiyo kwa sauti ya mtu anayesaini asichokipenda. Ikafika zamu ya dada. Rangi akamsogezea kompyuta, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya vibonye kana kwamba yeye ndiye aliyevigundua.

Dada aliutoa mkono wake taratibu. Akafungua mkoba, akatoa vipokea sauti vyake vya siku zote, vile vyenye plasta kwenye waya, akavaa. Akaomba afunguliwe gazeti la leo.

Rangi akalifungua. Ukumbi mzima ukaliona kwenye skrini kubwa, linang'aa. Dada akangoja, kichwa kimeinama kidogo upande, kama anavyofanya siku zote.

"Limefunguka?" akauliza.

"Tayari, mama. Limetokea vizuri sana."

"Mbona kimya?"

Rangi alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akainama kwa upole wa kwenye picha, akamweleza mama kwamba sauti ni awamu ya pili, leo ni ndiyo ya ishara tu, kwa ajili ya historia.

"Basi bado," dada akasema.

Wakacheka. Walicheka vizuri kabisa, wafadhili nao wakacheka, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Mwenyekiti akasema mama anatutania.

"Sikutanii, mwanangu. Mimi ni mlezi wa sauti. Nimeijaribu. Haipo. Bado."

Kicheko kikaisha vipande vipande. Mwenyekiti akasema tuendelee, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha kuachia toleo. Hapo ndipo yule wa usalama aliposema kutoka ukutani, bila kupandisha sauti, kwamba mlezi amesema bado. Mwingine akasema kanuni ni kanuni. Wa tatu akaisoma, yote, na vifungu vyake. Hawa ni watu ambao hawakuweza kukubaliana juu ya mshale, ambao walimtupa dada yangu kibarazani bila kukosa usingizi, lakini kuliko kukiuka utaratibu uliochapishwa ni heri wameze misumari. Walianza kuogopa, kwa dhati. Sijawahi kuona watu waoga kiasi kile mbele ya karatasi yao wenyewe.

Mmoja akapendekeza kanuni ibadilishwe hapohapo. Wakaangalia namna ya kubadilisha kanuni. Inahitaji ndiyo ya walezi wote. Kwa hiyo wakamgeukia tena dada, wakamwuliza, kwa adabu sasa, kama atakubali kanuni inayohitaji ndiyo yake ibadilishwe ili isihitaji ndiyo yake.

"Bado," dada akasema, na nilimwona anaanza kufurahia.

Waandishi wa habari walikuwa wameamka. Mwenyekiti alivuta pumzi, akafanya kile ambacho watu wa aina yake hufanya siku zote. Alisema basi wao wanachukua nakala yao, inaitwa Upeo, inatoka leo. Jina lilikuwa tayari, wala hakulitafuta. Rangi akaanza kubandua stika ya Roshani kwenye kompyuta kwa ukucha. Walezi wengi walimfuata, wakiwa wamepata nafuu, maana kuchukua nakala kunaruhusiwa, na kinachoruhusiwa hakiwaumizi.

Akabaki shemeji, amesimama katikati ya viti. Mwenyekiti akamwambia aje. Jina lake litabaki juu kabisa, Mwasisi, hakuna kitakachobadilika. Na mle ndani kulikuwa na maisha yake yote, hilo nalijua; nililisikia kupitia ukuta wa chumba cha sponji. Dada alikuwa ameshavua vipokea sauti, anaviringisha waya wake. Hakumgeuzia uso. Hakumsaidia hata kidogo.

"Sauti imo?" shemeji akauliza.

"Awamu ya pili, Mwasisi. Tumeshaongea."

"Labda tungefikiria..." shemeji akaanza, kisha akaacha. Akavua kitambulisho shingoni, akatafuta pa kukiweka, akakiweka kwenye sahani ya biskuti. Akaja akamshika dada kiwiko.

Nje nilimwambia chumba kimejaa sponji tena. Akasema nizitoe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu huyo kuniamuru kitu, na nilizitoa siku hiyohiyo nikiwa nanung'unika, maana mvua ilikuwa inakuja na sikuwa na pa kuziweka.

Shemeji akauchukua msimbo wao mpya, maana nao ni huria, akaanza kuishona sauti ndani yake. Yule wa usalama alirudi kumsaidia, na mwingine mmoja ambaye sikuwahi kumwona sura, aliyesema tu "habari za kazi" kila alipoingia. Haikuwa haraka. Wakati wote huo dada alinisikiliza mimi, na mimi niliendelea kuzikwepa habari ndefu, na yeye aliendelea kunikamata. Upeo ikatoka, ikasifiwa kwa wepesi wake. Ilikuwa nyepesi kweli. Hata begi tupu ni jepesi.

Siku sauti ilipotoka, dada alikaa kwenye stuli ya karakana, akavaa vipokea sauti vya plasta. Shemeji alisimama nyuma yake anajikuna mkono. Kitu cha kwanza kusomwa, kwa sauti safi isiyo na mafua wala pipa, kilikuwa tangazo la tovuti kuomba ruhusa ya kumfuatilia. Dada akalisikiliza mpaka mwisho. Kisha habari. Kisha zabuni. Kisha akaufungua ujumbe wa kliniki, akanyanyua kidole, na sisi wote wawili tukatoka nje tukasimama kwenye jua mpaka alipomaliza.

"Ndiyo," akasema kutoka ndani.

Haukupita muda Upeo wakaichukua. Waliichukua sauti yote kama ilivyo, bila hata kubadilisha jina la mafaili, wakatangaza kwamba Upeo sasa inazungumza, kwamba wamewafikiria wasioona tangu siku ya kwanza. Waliweka picha ya mwanamke mwenye miwani myeusi akiitabasamia skrini. Hakuna aliyemjua. Niliwasha pikipiki na nyundo ikiwa kwenye begi.

Dada akaniambia nizime. Akasema wako watu wenye macho kama yake wanaotumia kivinjari cha wale, na hao sasa wanasoma ujumbe wao wenyewe, mimi nyundo yangu itamsaidia nani. Shemeji akasema ndiyo maana ya huria. Nikamwambia anyamaze, sikumwuliza yeye.

Bado naona walistahili nyundo.

Dada akataka asikie hilo tangazo lenyewe. Shemeji akamfungulia, akachomoa waya wa vipokea sauti ili nasi tusikie, na sauti yetu ikaanza kumsoma Mwenyekiti: safari, roho, maono, ahadi. Ilisoma bila kuruka neno, maana ndivyo ilivyotengenezwa. Dada alivumilia aya moja. Kisha akabonyeza kibonye cha kasi, akabonyeza tena, na tena, mpaka Mwenyekiti akawa kuku anayetafuta pa kutagia, na sote watatu tulikuwa tunacheka mpaka mteja akachungulia mlangoni.

Alipofika mwisho wa tangazo, alirudisha kasi ya kawaida akaenda kwenye matangazo ya vifo.